Mama Hanad Peke Yake Barabarani

Kila Jumamosi asubuhi Nthambi alifagia studio ya mjomba wake, Mwololo, mpiga picha wa Kitengela. Leo alifagia mbiombio, pembe zikabaki na vumbi lake. Akili yake ilikuwa nje. Shule za Kajiado zilikuwa zimealikwa kwenye mashindano ya picha, na sharti lilikuwa moja: mtu mmoja, peke yake, barabarani. Mjomba alimwazima kamera. Jioni filamu ingepelekwa Nairobi kuoshwa.

"Zimebaki picha mbili tu," Mjomba alimwambia. "Usizitupe ovyo."

Nthambi akatoka shoti. Lakini mtu mmoja peke yake Kitengela utamtoa wapi? Ukiinua kamera tu, watu hao. Mama Hanad, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa ameketi karibu na mitungi yake, na Nthambi akaona hiyo ndiyo picha. Kabla hajabonyeza, muuza viatu akaja kusimama kando ya mama huyo, mikono kifuani. Vijana wa mkokoteni wakaacha mzigo, wakajipanga. Mmoja akaanza kuchana nywele.

"Tupige na sisi," akasema, "halafu utuletee zetu."

"Hii kamera haina filamu," Nthambi akajibu. "Najifunza tu kuishika."

Wakatawanyika papo hapo. Mama Hanad akacheka, akashusha mtandio wake ajipepee, nywele zikaonekana, jua likamwangaza usoni. Nthambi akabonyeza, kisha akakimbia studio, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Mjomba, nimeipata!" Akasimulia yote, hata ule ujanja wake wa filamu.

Mjomba hakucheka. "Angejua filamu iko, angeshusha mtandio?"

Nthambi akaitazama kamera. Tangu aanze kutumwa maziwa, hakuwahi kuziona nywele za Mama Hanad. Na picha ile ingetundikwa ukutani Kajiado, kila mpita njia aitazame. Furaha yote ikamwishia. Akachukua kamera, akarudi barabarani polepole.

"Mama, nilikudanganya," akasema. "Filamu ilikuwa ndani. Nimekupiga ukiwa umeshusha mtandio."

Mama Hanad akaushika mtandio kwa mikono miwili. "Wewe, Nthambi? Mtoto ninayemwongezea maziwa kila siku? Ungenianika mbele ya watu?"

"Nisamehe, Mama. Filamu ikirudi, Mjomba atakikata kipande hicho mbele yako. Hakuna mtu ataiona."

Mama Hanad akageukia mitungi yake. Akampimia mteja maziwa, akafunika mtungi, akapangusa mikono. Nthambi akabaki amesimama, machozi yakimlengalenga.

"Umebaki na ngapi?" mama akauliza hatimaye.

"Moja."

"Na hawa ndio wanakusumbua?" Vijana wa mkokoteni walikuwa wameshaiona kamera na walikuwa wanakuja. Mama Hanad akasimama, akajifunga mtandio vizuri, akaubana na pini chini ya kidevu. "Nyinyi wote, nendeni nyuma ya huyu msichana. Leo ni picha yangu. Hata kuku asipite."

Muuza viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutii. Mama Hanad akaenda katikati ya barabara, kikombe cha kupimia mkononi, kichwa juu. Umati mzima ulijibana nyuma ya Nthambi, umeshika pumzi. Nthambi akabonyeza.

Filamu iliporudi, Mjomba alikikata kile kipande cha kwanza mbele ya Mama Hanad. Picha ya katikati ya barabara ilishika nafasi ya pili Kajiado, na Mama Hanad alifunga biashara siku nzima ili aende kusimama kando yake. "Huyu ni mimi," aliwaambia watazamaji. "Niliambiwa ukweli, nikakubali."

Mjomba Mwololo akamshika Nthambi bega. "Umeona? Kwa uongo uliiba sura ya mtu. Uliposema ukweli, mwenyewe akakufungia barabara. Ukitaka picha ya mtu, mwombe kwanza."

"Na nakala yangu iko wapi?" Mama Hanad akauliza, mkono umenyooshwa.

Nthambi alikuwa nayo tayari kwenye mkoba.