Membe Mweusi Juu ya Tabora

Ngao-anga ya Tabora ilitema mwali, na nyuki-bomu wawili wa adui wakapasuka juu ya stesheni. Vipande vya chuma vikanyesha mabatini. Dokta Milembe, aliyeifundisha mashine hiyo kutofautisha ndege na silaha, akashusha pumzi katika chumba cha mitambo. Ngao-anga haikumuuliza mtu: ilichokitambua ilikiacha, isichokitambua ilikiunguza.

"Mtani!" Sauti ya Pazi ikalia redioni. Pazi, fundi wa Kizaramo, alikuwa juu ya paa la soko akifunga upya jicho la mashine. "Zima hilo dude lako! Kuna membe mweusi hapa, ndege wa bahari kuu. Kimbunga kimemtupa huku, yuko hoi. Dude lako halimjui."

Milembe akacheka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, na kwa mtani hata matusi ni salamu. Mwaka mzima Pazi alikuwa akimkera kwamba aweke ndege wa baharini kwenye kumbukumbu ya mashine. Milembe alikuwa amewafuta wote ili mashine iamue haraka. Bahari na Tabora wapi na wapi?

"Mzaramo akiona kunguru analilia kwao pwani," akamjibu. "Mkaange umle."

"Milembe, sitanii. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia wa panda. Ametua begani kwangu."

Pazi hakuwahi kumwita kwa jina. Milembe akairukia swichi, lakini mwali ukamtangulia.

Sokoni alikuta paa limefumuka, wanawake wanapiga mayowe, damu inachuruzika juu ya meza za nyanya. Pazi alipatikana nusu. Nusu nyingine ilikuwa majivu yaliyowaganda watu nguoni.

Makaburini, mila ilimtaka mtani amwigize marehemu ili wafiwa wacheke. Wakamsukuma Milembe mbele, wakamvisha kofia ya Pazi. Alitamani ardhi immeze.

"Mtani!" akaita, akibana pua kama Pazi. "Zima hilo dude lako! Kuna membe mweusi hapa!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Mjane naye akacheka, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Maneno yale aliyasikia Milembe peke yake redioni, na hakuwa amemwambia mtu.

"Endelea, mtani!" wakampigia makofi.

"Milembe," akasema, sauti ikimkatika, "sitanii."

Wakazidi kucheka.