Majivu Chini ya Utando

Kila asubuhi Wilhelmina, mwanafunzi wa darasa la sita pale Usagara, huchochea moto na kuwapikia wadogo zake uji kabla ya kwenda shule. Miezi michache iliyopita sufuria iliteleza, uji ukamwunguza mguu. Mama yake alimkimbiza hospitali jijini Mwanza. Huko Daktari Muganyizi alifunika kidonda kwa utando laini wenye majimaji, alioubuni yeye na wenzake.

"Ndani yake mna nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimesokotana kama zilivyo ndani ya mwili wako," alieleza. "Nyama mpya itatambaa juu yake, kama maharage yanavyopanda kijiti. Usiubandue. Tunaujaribu kwa wagonjwa kumi tu, tuone kama unafaa."

Wilhelmina alikubali kwa mdomo. Moyoni alijua, kama kila mtu nyumbani kwao, kwamba kidonda chenye maji hakiponi. Siku ya tatu, mama akiwa shambani, aliubandua utando, akapaka majivu ya jikoni na kuuanika mguu juani. Kisha akayapangusa, akarudisha utando na kufunga bandeji vilevile. Alijiona mjanja kweli.

Wiki iliyofuata hospitalini, bandeji haijaisha kufunguliwa, harufu ilijaa chumba. Mama alishika mdomo. Wilhelmina mwenyewe alipigwa na butwaa. Kidonda kilitoa usaha wa kijani, na mguu ulikuwa umevimba hadi gotini.

Daktari alichukua kalamu na faili la Wilhelmina. "Ni kosa langu," alisema. "Utando huu unaozesha watu. Leo nawaondolea wale tisa, na kazi tunaifunga."

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo Ngosha, mtoto wa miaka minne aliyeungua kifua. Alikuwa akicheka na muuguzi. Kidonda chake kilikuwa kinafunga vizuri chini ya utando uleule. Wilhelmina aliingiwa na hofu kubwa kuliko alipouona mguu wake.

"Shikamoo, Daktari," alisema, ingawa alikwisha kumwamkia.

"Marahaba."

"Nilibandua. Nikapaka majivu."

"Ulipaka nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Daktari aliweka kalamu chini. Alimsafisha kidonda, akamwandikia dawa. Mguu ulichukua miezi miwili kupona, na kovu limebaki. Ngosha, ambaye hakuondolewa utando, alitangulia kwenda nyumbani.

"Majivu yamekuumiza wewe peke yako," Daktari alimwambia siku ya kuagana. "Ungenyamaza, ungewaumiza tisa wasiokujua hata jina."

"Na majivu," mama aliongeza, "ni ya kusugulia sufuria."