Kivuli cha Akina Mama

Jumatano, tarehe tano Februari mwaka jana, ndiyo siku waliyomtoa mke wangu kwenye biashara yake wakisema wanamsaidia.

Tulikuwa katikati ya mbuzi wetu, soko la mifugo la Garissa, mkono wangu wa kulia uko chini ya shuka ya mnunuzi. Kwa asiyejua, kwetu bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na muuzaji wanashikana mikono chini ya nguo, wanaongea kwa vidole, jirani asijue. Sasa mwanamke hashiki mkono wa mwanaume asiye wake. Na mwenye kujua mbuzi alikuwa Amino, si mimi. Basi wa kulia nilimpa mnunuzi, wa kushoto aliushika mke wangu chini ya mtandio wake. Akinibana kidole, nami nambana yule mtu.

Wanaume walinicheka sana. Abdinasir, yule dalali, ndiye aliyezidi.

"Waryaa Kerrow, wewe ni mume au ni mkono?"

"Ni mkono," Amino akamjibu. "Mshahara wake anaulia nyumbani."

Mimi nilikuwa naona raha tu. Mume na mke wangapi wanashikana mikono mchana, mbele ya watu, hapa Garissa? Sisi tulikuwa na ruhusa ya mbuzi.

Asubuhi hiyo akaja Bi Njambi, afisa wa biashara, na askari wa soko. Kule nyuma, malori yanakopakia, walikuwa wamejenga banda la mabati na kibao juu: KIVULI CHA AKINA MAMA WAFANYABIASHARA. Akatangaza kwamba kuanzia leo wanawake wote watauzia huko, na mwanaume asiingie, asije akawasumbua.

"Hata mume?" nikauliza.

"Hata mume, mzee. Hii ni nafasi yao."

Amino akamwambia kwa upole, "Dada, nashukuru. Lakini mbuzi wangu hawajui kama anayewauza amevaa buibui. Niache hapa na wauza mbuzi wenzangu."

Bi Njambi akatabasamu, akasema atazoea. Wakampiga picha.

Mulki, anayeuza maziwa ya ngamia, alifurahi, sitasema uongo. Alikuwa anakaa juani na mitungi yake, sasa amepata paa. Lakini maziwa yananunuliwa kwa mdomo. Wanunuzi wa mbuzi walifika kule wakasimama kwenye kamba iliyozungushiwa banda, mkono hawana pa kuupeleka. Wengine walidhani wale ni mbuzi wa msaada, wakataka bei ya huruma. Na mimi nje ya kamba, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Wiki iliyofuata nikawachukua mbuzi wachache nikauze peke yangu upande wa wanaume. Abdinasir alinikamua mpaka nikaona aibu kurudi nyumbani.

"Ndiyo hivyo," Amino akasema. "Mkono bila kichwa." Kisha akaniwekea chakula.

Akaenda ofisini kwa Bi Njambi kuomba arudi upande wa wauza mbuzi. Alirudi, akavua viatu mlangoni.

"Wamesema nini?"

"Kwamba mimi ni mfano kwa akina mama."

"Ukawajibu nini?"

"Nikauliza, mfano hula nini?"

Siku chache baadaye akaniambia anapeleka mbuzi soko la Bura. Kule hakuna kibao, na kaka yake Awil anaishi huko, yeye ndiye atakayempa mkono. Lori lilikuwa na nafasi moja tu mbele.

"Kwa hivyo umepata mkono mwingine," nikamtania.

"Wa kaka hauna joto, baba Idman. Usiogope."

Njiani akanitumia ujumbe: "Mbuzi wazima. Awil ananingoja. Wewe na Idman msinywe chai tupu, kuna anjera kwenye sufuria."

Nikamjibu: "Rudi haraka."

Ujumbe huo haukusomwa. Simu iliyofuata ilikuwa ya Awil.

"Kerrow, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Keti chini, shemeji."

Nikamwambia nimeketi, na sikuwa nimeketi. Akasema lori limepinduka karibu na Bura, amemtoa dada yake mwenyewe kwa mikono yake. Halafu akasema innalillahi, nami nikajua.

Kwenye matanga Bi Njambi alikuja na sukari na wakubwa wawili. Walikaa vizuri, walisikitika vizuri. Kisha akanisogelea.

"Mzee, tumekubaliana lile banda lipewe jina lake. Kivuli cha Mama Amino."

"Ling'oeni," nikasema. "Ling'oeni lote."

Mulki alikuwa karibu, macho mekundu. "Walaal, ndugu yangu, wakiling'oa mimi narudi juani," akasema. Naye alisema kweli.

Watu wananiambia sijasoma, nina hasira tu. Wanasema dereva alikuwa anakimbia. Alikimbia, kwenye barabara ambayo wakubwa wanaitengeneza kila mwaka kwa midomo yao. Lakini mke wangu alikuwa na kazi gani ndani ya lori lile? Soko lake liko hapa, naliona kutoka mlangoni kwangu.

Nilimuuliza Bi Njambi jambo moja mbele ya wale wakubwa wake. Aliwatazama, nao wakatazama simu zao. Nimekwenda ofisini kwao mara nyingi tangu siku ile, wananipa kiti na maji, wananiita mzee. Jibu hawanipi. Nilimuuliza hivi: kabla hamjapigilia msumari wa kwanza, ni nani kati yenu aliyemuuliza Amino anataka kuuzia wapi?