Kila Siku Saa Nane

Simu yangu ililia saa nane mchana, kama jana na juzi. Nilikuwa kibandani, nashona suruali ya mteja. Ujumbe wa kengele ya wezi ya nyumbani ulisema: "Kuna mwendo sebuleni."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mume wangu alikuwa kazini, anaoka mikate. Watoto walikuwa shuleni. Mlango haukuvunjwa. Basi aliyeingia alikuwa na ufunguo. Na ufunguo wa tatu alikuwa nao wifi yangu, dada wa mume wangu, anayewafungulia watoto wakitoka shule saa tisa.

Nilikagua kabati. Nilihesabu hata vijiko mbele ya watoto. Hakikupungua kitu, lakini roho haikutulia.

"Dada yangu si mwizi," mume wangu alisema. Lakini alisema kwa sauti ndogo.

Ijumaa nilimfuata wifi kwake.

"Wifi, naomba ule ufunguo."

"Umepoteza wako?"

"Hapana."

Akaelewa. Aliuweka mezani, hakunipa mkononi.

"Na watoto watafunguliwa na nani?"

Niliuchukua, nikaondoka. Watoto wakawa wananisubiri kibandani, wamechoka, wana njaa.

Jumatatu saa nane, simu ikalia tena. Funguo zote tatu tulikuwa nazo sisi.

Kesho yake tulimwita jirani yetu, fundi umeme. Mtaani tunamwita Mama Waya. Alitazama kidude cheupe ukutani, kinachoelekea dirishani.

"Nani alifunga hiki?"

Mume wangu alikohoa. "Mimi."

"Hongera. Hiki ni kihisi. Hakijui sura ya mtu. Kinahisi joto linalosogea. Na hao wezi wanaokuja saa nane kamili kila siku, wana saa ya ukutani? Tukae, tuone."

Tulikaa kwenye kochi bila kusogea. Ilipofika saa nane, feni ikajiwasha. Mume wangu aliitegesha hivyo ili watoto wakirudi wakute nyumba ina ubaridi. Magauni ya wateja, niliyoyatundika dirishani, yalikuwa yamepata moto wa jua. Yakaanza kuyumba. Simu ikalia.

"Mwizi wenu huyo," alisema Mama Waya. "Ana lesi shingoni."

Mume wangu alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama Waya alikihamishia kihisi kwenye kona, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, mbali na feni na jua. Alikielekeza pale anapopita mtu akitoka mlangoni. Magauni nikayapeleka chumbani. Kisha alitupitisha mbele ya kihisi mmoja mmoja, simu ikalia kila mara. Feni ilipowashwa, simu haikulia.

"Kijaribuni hivi kila mwezi," alisema. "Na kikilia, msikipuuze. Lakini angalieni pia feni, pazia na jua kabla ya kumtaja mtu."

Jioni nilikwenda kwa wifi.

"Nimekukosea. Nilikudhania wewe, kumbe ni feni na magauni. Nisamehe."

"Watoto waliniambia ulihesabu vijiko," alijibu.

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Niliuacha ufunguo mezani kwake. Hakuugusa.

Siku iliyofuata, saa nane ilipita kimya. Saa tisa na robo simu ikalia: "Kuna mwendo sebuleni." Kabla sijainuka, wifi akapiga.

"Ni mimi," alisema. "Watoto wameshafika, wanakula. Vijiko nimevihesabu, vipo vyote."