Unyayo wa Fundi Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule barazani kwetu, asubuhi hadi jioni. Mimi nakata vitambaa, natia vifungo, napiga pasi. Tena napika, nafua, na kumkumbusha dawa zake za kisukari. Nimechoka, jamani. Nasema ukweli.

Fundi anakanyaga pedali ya cherehani akiwa peku. Nikimwambia avae viatu, anakuja juu.

"Nikivaa viatu siisikii pedali, Mama Mapacha. Kazi yangu iko miguuni."

Kliniki walimwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi simu inalia na kuuliza: *Je, umekagua miguu yako leo?* Chini kuna vitufe viwili, *Ndiyo* na *Bado*. Fundi habanduki kitini. Ananyoosha kidole, anabonyeza *Ndiyo*, anaendelea kushona.

"Umekagua saa ngapi?" namuuliza.

"Kwani inauma? Haiumi. Basi nimekagua."

Nikamwacha. Mtu mzima utamfanya nini?

Jumatatu moja nilikuwa nafagia chini ya cherehani. Niliona doa kwenye pedali. Nikadhani ni mafuta ya mashine. Nikafuta kwa kitambaa, kikawa chekundu.

"Baba Mapacha, inua mguu."

"Ngoja nimalize kola."

"Inua mguu, nimesema!"

Aliinua. Mungu wangu! Unyayo ulikuwa na kidonda kilichovimba pembeni. Katikati kilichomoza kipande cha sindano ya cherehani. Mwenyewe hana habari.

"Ile sindano ilivunjika Alhamisi," alisema polepole. "Nilidhani vipande vyote nimeviokota."

Siku nne alikuwa anaikanyaga. Siku nne alibonyeza *Ndiyo*.

Kile kipande sikukichomoa. Nilimfunga kitambaa safi, tukaenda kliniki saa ileile. Nesi alikitoa kile kipande, akaosha kidonda, akakifunga. Mwisho Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mguu huu utakatwa?"

Nesi hakumdanganya.

"Sijui bado, baba. Usaha umeanza kwenda ndani. Ukimeza dawa zote na usiukanyagie, tuna nafasi nzuri ya kuuokoa. Mngechelewa wiki nyingine, ningesema maneno mengine."

"Mbona haukuuma?"

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu. Mguu unakufa ganzi. Unaumia, wala hausemi. Kwa hiyo usingoje maumivu. Tazama kwa macho."

"Lakini hata programu haikuniambia kitu!"

"Programu haioni, baba. Inaamini unachoiambia. Wewe uliiambia umekagua."

Fundi aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia.

Nesi akachukua simu, akatuonyesha alama ya kamera.

"Kila siku piga picha ya unyayo. Mama akushikie simu. Ukiwa peke yako, tumia kioo. Tazama na katikati ya vidole. Programu itaweka picha ya jana kando ya picha ya leo. Ukiona wekundu, lengelenge au uvimbe, bonyeza hapa, picha itatufikia. Lakini ukiona kidonda, usingoje jibu la simu. Njoo siku hiyohiyo."

"Na kuosha?" niliuliza.

"Maji ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko, si kwa mguu, maana mguu hautajua kama yanaunguza. Kausha vizuri katikati ya vidole. Na baba, kutembea peku basi. Hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa viatu, vikung'ute kwanza."

"Na pedali je?"

"Miguu yako haisikii tena pedali, baba. Unakanyaga kwa mazoea tu."



Wiki sita alikaa, mguu juu ya mto. Cherehani nikaikanyaga mimi. Yeye alinipigia kelele kutoka ndani, "Mshono huo umepinda!" Nami nikajibu, "Njoo uunyooshe, basi!" Usiku nilijitupa kitandani kama gunia. Lakini kila asubuhi tulifunua kidonda kama nesi alivyotufundisha. Tulipiga picha, tukailinganisha na ya jana. Siku nyingine hatukuona tofauti yoyote. Siku moja wekundu ulirudi. Fundi mwenyewe akabonyeza na kutuma. Kabla ya saa sita nesi alipiga simu, tukaenda, akambadilishia Fundi dawa. Baada ya hapo kidonda kikaanza kupungua kweli.

Siku ya mwisho kliniki, nesi alifungua bendeji. Akauminya unyayo huku na huku, akautazama kwenye mwanga.

"Kidonda kimefunga, baba. Mguu ni wako."

Fundi aliushika mguu wake kwa mikono miwili. Akalia mbele za watu, yeye asiyelia hata msibani. "Nilikutesa, mke wangu," alisema.

"Ulinitesa sana," nilimjibu. Sikuwa na nguvu ya kusema uongo.

Alivikung'uta viatu vyake vipya, vya kufunika vidole, akavivaa. Nikampa mkono. Tukarudi nyumbani polepole, kila mtu kwa miguu yake miwili.