Jina Lililobisha Hodi Kwenye Seva

Saa saba mchana faili la hitilafu, ambamo seva huandika kila kosa, lilikuwa limevimba tena. Asubuhi fundi alikuwa ameliwekea kikomo: likifika ukubwa fulani, mistari ya zamani ijifute. Kikomo hakikushika. Diski ikijaa, seva ya majina ingesimama, na hakuna muuguzi hospitali nzima ambaye angefungua kabati la dawa, maana kabati lilimfungulia yule tu ambaye jina lake limo kwenye seva.

“Shemeji, seva yako ina minyoo? Haishibi,” alisema Kipara, mwenzake wa meza ya pili na rafiki wa marehemu mumewe.

“Cheka tu. Ikisimama, wauguzi utawajibu wewe.”

Akaiamuru seva ieleze kila kosa kwa kirefu. Mistari ikamiminika, yote sawa: jina la mumewe, nenosiri si sahihi.

Mumewe alikuwa fundi wa chumba hicho hicho. Alikuwa na miezi miwili kaburini. Utaratibu ulitaka jina lifutwe siku ile ile, lakini yeye, mjane wake, aliliacha. Kulifuta aliona ni kumzika mara ya pili.

“Linatoka kompyuta gani?” Kipara alinong’ona.

“Ya kwake.”

Wakageuka. Kompyuta ile ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, waya wake wa umeme umechomolewa na kuviringishwa juu yake. Chini ya kitambaa vitufe vilikuwa vikibonyezwa, polepole, kama vidole vinavyojifunza, na harufu ya udongo mbichi ikatambaa sakafuni, ikapanda miguuni mwao, ikawajaa kooni, huku jua la mchana likiwaka dirishani kana kwamba hakuna lolote.

Kwenye skrini ya mjane mstari mpya ukajiandika: *Mke wangu, nimesahau nenosiri. Nitajie.*

Midomo ya mjane ikafunguka. Miezi miwili, kila usiku akishamlaza binti yao, alikuwa akiomba asikie neno moja tu kutoka kwake.

“Shemeji, nakuomba, usitamke!”

Akafumba macho. Nenosiri lilikuwa jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu. Alimwita hivyo hata pumzi ilipokuwa inamtoka.

“Mume wangu hawezi kulisahau hilo,” alisema taratibu. “Wewe si yeye. Yeye yuko kwa Mola wake.”

Vitufe vikaanza kupigwa kwa ngumi. *Fungua, mwanamke! Fungua!* Mistari ikajaa skrini, diski ikabakiza asilimia mbili, kisha moja. Alisoma bismillahi, machozi yakimtiririka, akalichagua jina la mumewe na kulifuta.

Kimya. Harufu ikakatika. Kipara akajitupa kitini, akipangusa upara wake.

“Alhamdulillahi. Limekwenda.”

Mjane aliinamia skrini. Alikuwa anasoma mstari wa mwisho.

*Jina halipo. Najaribu jingine.*

Chini yake liliandikwa jina la binti yake wa miaka sita, ambaye hakuwahi kuandikishwa kwenye seva yoyote. Na mbele ya jina hilo: *Nenosiri sahihi.*