Kitenge cha Pili cha Shangazi

Kila mchana, masomo yakiisha, Julienne alishuka kutoka Mabanga mpaka katikati ya mji wa Goma, kwenye duka la nguo za wanawake la mama yake. Shuleni aliitwa Mukamugema tu, kwa sababu miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Dukani aliitwa Julienne, na siku ambazo mama yake alikuwa amechoka, yaani karibu siku zote, aliitwa "wewe mutoto".

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupangusa kioo cha vitrini, dirisha la kuonyeshea nguo. Wakati wa kiangazi ilikuwa kazi ya kuudhi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano lilirudi juu ya kioo kabla kitambaa chake hakijakauka. Kazi ya pili ilikuwa kumsaidia mama kuvalisha sanamu mbili zilizosimama nyuma ya kioo hicho. Moja ilikosa vidole viwili. Nyingine haikusimama sawasawa mpaka iwekewe kijiwe chini ya mguu.

Mama yake, Mama Perpétue, alibadilisha vitrini kwa kufuata majira. Mvua zikianza, sanamu zilivaa triko, yaani sweta, na mitandio mizito. Kiangazi kikifika, nacho ni msimu wa harusi, zilivaa vitenge. Sanamu ya kushoto ilikuwa Bibi Arusi, na ya kulia Shangazi.

"Bibi Arusi bado ni msichana," Mama Perpétue alieleza, labda kwa mara ya ishirini. "Kwa hiyo anafunga kitenge kimoja. Shangazi ameolewa. Anafunga viwili, cha pili juu ya cha kwanza. Na usikate kitu. Kunja, bana kwa pini mgongoni, basi. Kitambaa hicho ni cha watu."

Na kweli kilikuwa cha watu. Familia moja ya Masisi iliyokuwa ikimwoza binti yake Jumamosi ilikuwa imechagua kitambaa cha buluu chenye majani ya njano kwa ajili ya mashangazi wanne wa bibi arusi. Kila shangazi alitakiwa kupata vitenge vitatu: viwili vya kufunga kiunoni, na kimoja cha kushonea libaya, yaani blauzi. Kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha dukani, na mfanyabiashara wa Bukavu aliyekileta alikuwa amesema hakipo tena. Vitenge viwili vya shangazi wa nne vilivalishwa sanamu, maana familia za milimani zilipenda kuona kitambaa chao kikikaa vitrini kabla ya harusi, ili kila apitaye akione.

Jumatatu Mama Perpétue alisafiri kwenda Rutshuru kupeleka nguo. Alimwachia Julienne kazi moja: kupiga pasi vile vitenge viwili na kumvalisha Shangazi. Julienne alitaka kumaliza haraka akacheze kamba na wenzake. Alijaza makaa katika pasi, akanyoosha kitenge cha kwanza, akakitandika cha pili, kisha akasikia wenzake wakimwita kutoka barabarani. Alitoka mlangoni mara moja tu kuwajibu. Aliporudi, pasi ilikuwa bado imekaa juu ya kitenge, katikati kabisa, nayo ilikuwa imeacha alama ya kahawia yenye umbo lake.

Alisugua kwa maji. Alisugua kwa sabuni. Alama ilizidi kuonekana. Basi akakikunja kitenge, akakificha chini kabisa ya sanduku la triko, ambalo halingefunguliwa mpaka mvua za Septemba. Akamfunga Shangazi kitenge kimoja.

Jumanne wanawake wawili waliotoka sokoni walisimama mbele ya kioo wakacheka.

"Angalia mama huyu mzima," mmoja alisema. "Amerudi kuwa msichana. Anatafuta bwana mwingine?"

"Mwache," mwenzake alijibu. "Labda yule wa kwanza alikuwa mbaya."

Jumatano Mama Perpétue alirudi. Kabla hajaweka mzigo chini, alisimama mbele ya vitrini, mikono kiunoni.

"Wewe mutoto, kitenge cha pili kiko wapi?"

"Mama, huo ni mtindo mpya wa Kinshasa. Kimoja tu."

"Nani alikuambia?"

"Nimeona katika gazeti."

"Gazeti. Mashangazi wa Masisi wanasoma gazeti la mitindo wakikamua ng'ombe? Kilete."

"Kilipata vumbi. Nimekifua. Kiko kwenye kamba nyumbani, hakijakauka."

Mama Perpétue alifumba macho, akavuta pumzi. "Julienne. Huu ni mwezi wa saba. Nguo inakauka kabla hujamaliza kuitundika. Kesho nakitaka hapa."

Usiku ule Julienne hakula vizuri. Alhamisi alikuja dukani polepole, akitumaini kwamba mama amesahau. Mama hakuwa amesahau.

"Kiko wapi?"

Julienne alitazama sakafu, kisha akatazama barazani, ambako fundi wa duka, papa Sikuli, alikuwa akishona mabaya, zile blauzi za mashangazi. Neno likamtoka kabla hajalifikiri.

"Papa Sikuli alikichukua. Nilidhani anakishona."

Papa Sikuli alikuwa Mnande wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyeshona katika baraza hiyo tangu Julienne alipokuwa akibebwa mgongoni. Mama Perpétue alimwendea, wateja wawili wanawake wakiwa wamesimama mlangoni.

"Papa Sikuli, kile kitenge cha sanamu, ulikichukua cha nini? Mashangazi wanakuja kesho."

Fundi alisimamisha cherehani. "Kitenge gani?"

"Cha shangazi wa nne. Mutoto anasema unacho."

"Mimi nilipewa vinne vya kushona mabaya. Vitatu nimekwisha kukata na kushona. Cha nne ndicho hiki, ninakichora chaki. Unataka kuhesabu?"

"Sijasema umeiba, papa."

"Hujasema. Lakini wale mama wawili pale mlangoni wamesikia, na kesho soko zima litakuwa limesema kwa niaba yako." Alichomoa uzi katika cherehani, akaanza kukusanya mikasi yake na chaki. "Nimeshona hapa miaka kumi na mmoja. Sikupoteza hata kifungo. Nitatafuta baraza nyingine. Libaya hili watamalizia wengine."

"Papa Sikuli, tafadhali. Harusi ni keshokutwa. Nikitafuta fundi sasa nitampata wapi?"

Fundi aliifunika cherehani kwa gunia, akaishika ili aibebe. Wanawake wa mlangoni walimwangalia kwa macho yale watu wanayomwangalia nayo mwizi, na Julienne aliyaona macho hayo. Yalistahili kumwangukia yeye, lakini yalikuwa yameangukia mtu mwingine.

Alikimbia ndani, akamwaga sanduku zima la triko sakafuni, akarudi na kitenge.

"Ni mimi," alisema. "Nilikiunguza Jumatatu. Nilikwenda mlangoni, pasi ikabaki juu. Papa Sikuli hajui kitu. Gazeti pia sikusoma."

Mama Perpétue alikikunjua kitenge, akaitazama ile alama ya pasi. Aliketi juu ya kiti cha wateja kama mtu aliyeshushwa mzigo na kutwikwa mwingine.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili ninagombana na kamba ya nguo."

Kisha aliwageukia wanawake wa mlangoni. "Mmesikia la kwanza, sikieni na hili. Fundi wangu hana kosa. Mwenye kosa ni mutoto wangu." Akamwambia Sikuli, "Papa, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza pembeni."

Papa Sikuli aliiweka cherehani chini. Alichukua kitenge kilichoungua, akakitandaza juu ya meza, akakizungusha huku na huku.

"Mungu ana huruma kwamba sijakata," alisema. "Tazama. Kitenge cha kufunga kiunoni lazima kiwe kizima. Cha libaya kinakatwa vipandevipande. Basi hiki kilichoungua nitakikata libaya, na alama itabaki katika vipande vya kutupa. Kile kizima nilichokichora chaki kitakwenda kiunoni. Ila kwa kuwa alama iko katikati, mgongo wa libaya utaungwa kwa vipande viwili. Utakuwa na mshono ambao wenzake hawana." Akamtazama Julienne. "Ungesema baada ya saa moja, mikasi ingekuwa imepita, na shangazi mmoja angekaa harusini na nguo nyingine kama mgeni asiyealikwa."

Julienne alipangusa chaki katika kitenge kizima, akakipiga pasi, na safari hii hakuiachia pasi mkono. Kisha akamfunga Shangazi vitenge vyote viwili, pini kwa pini, mama yake akiwa amesimama nyuma yake.

Ijumaa asubuhi, shule ikiwa imefunga kwa likizo kubwa, shangazi mkubwa alifika. Jina lake lilikuwa Nyiramahirwe, mwanamke mrefu aliyeteremka na lori kutoka Masisi, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie mwenyewe," Mama Perpétue alimwambia binti yake.

Julienne alieleza yote: pasi, sanduku, uongo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Bibi Nyiramahirwe alisikiliza huku akiyageuza yale mabaya manne ndani nje, moja baada ya jingine, mpaka akaupata mshono wa mgongoni. Akapitisha kidole juu yake.

"Nimekaa juu ya magunia ya maharage tangu alfajiri," alisema, "kuja kuambiwa mambo ya pasi."

"Nisamehe, mama."

"Nitachukua hili mimi mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa. Hakuna katika ukoo ule atakayethubutu kuniangalia mgongo." Alilikunja libaya, akaliweka juu ya mengine. "Lakini sikiliza, mutoto. Kitambaa kilichoungua, fundi amekitafutia njia, na mimi nitakivaa. Jina la mtu ukiliunguza, utalipeleka kwa fundi gani? Ukikosea, sema siku ileile, wakati kosa bado ni lako peke yako."

"Ndiyo, mama."

"Basi toka nje, kwa papa yule. Mimi umeniomba msamaha. Yeye bado sijasikia umemwomba."

Julienne alitoka barazani. Papa Sikuli alikuwa akitia uzi katika sindano. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Shika upande huu wa kitambaa, na usikivute."